Sheikh Abdillahi Nassir na Nathari ya Hoja katika Usomi wa Kishia

Historia ya maandishi ya Kiislamu katika Kiswahili imeandikwa mara nyingi kana kwamba ni historia ya tenzi peke yake. Wachunguzi wamezihesabu hati, wamezilinganisha nakala, wamebishana juu ya watungaji na zama zao. Nathari ya wanazuoni wakawaachia watu wa dini waizozanie wenyewe. Kwa sababu hiyo maandishi mengi ya karne ya 20, ambamo Kiswahili kilifanyishwa kazi ngumu ya kuthibitisha, kukanusha na kupambanua, hayajapewa nafasi yanayostahili katika masomo ya lugha. Miongoni mwa maandishi hayo ni yale ya Sheikh Abdillahi Nassir wa Mombasa, aliyezaliwa 1932 na kufariki Januari 2022.

Wengi humkumbuka kwa jambo moja tu: kwamba alilelewa katika Usuni wa madhehebu ya Shafii, akaja kujitangaza kuwa Shia. Wapenzi wake na wapinzani wake wamelishikilia jambo hilo hilo, hawa kwa kusifu na wale kwa kulaumu. Dai la makala haya ni kwamba badiliko hilo la madhehebu halifahamiki vyema mpaka liangaliwe pamoja na suala la lugha. Usomi wa Kishia ulikuwako Afrika ya Mashariki kwa muda mrefu kabla yake, lakini ulikaa ndani ya lugha ambazo jirani hakuzijua. Sheikh Abdillahi aliutia katika Kiswahili cha kuhojiana, yaani Kiswahili ambacho msomaji aweza kukikubali au kukijibu. Ili kuipima kazi hiyo haitoshi kusimama Mombasa, ambako kila mtaa una mwanazuoni wake. Yafaa kusimama bara pia, na Machakos ni mahali pazuri pa kusimama.

Mji wa Machakos umepewa jina la Masaku, mzee wa Kikamba, jina ambalo wageni walilitamka kwa namna yao hata likawa kama lilivyo leo. Kabla ya kati ya karne ya 19 Wakamba walikuwa wakiteremsha pembe za ndovu hadi Mombasa, na walirudi na nguo, shanga na maneno. Johann Ludwig Krapf alipokwenda Ukambani mwaka 1849 na kupokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, aliifuata njia ambayo Wakamba na Waswahili walikwisha kuikanyaga sana. Mwaka 1889 kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga boma Machakos. John Ainsworth akalishika tangu 1892, na makao ya utawala wa Ukamba yakabaki hapo mpaka yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1899, reli ilipoupita mji kwa mbali. Serikali ikaondoka. Wachuuzi, waliokuwa askari na waliokuwa wapagazi hawakuondoka wote, na Uislamu ukakaa pamoja nao.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa na mwanafunzi wa lugha. Krapf alipiga chapa Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka 1850, na wamisionari wa Africa Inland Mission walioingia Ukambani mwaka 1895 wakaendelea na njia hiyo ya kuhubiri kwa lugha ya wenyeji. Basi Machakos Ukristo ulijifunza kusema Kikamba, hali Uislamu ulisema Kiswahili, na Kiarabu katika sala. Haikuwa siasa ya mtu yeyote kuwa hivyo. Msafara haukuwa na kamati ya tafsiri. Lakini matokeo yake ni kwamba Mwislamu wa Machakos, awe mjukuu wa mpagazi au Mkamba aliyesilimu, alitegemea Kiswahili kwa kila alichotaka kukijua juu ya dini yake zaidi ya sala. Kitabu kisichokuwa cha Kiswahili kwake hakikuwa kitabu.

Na vitabu vya Kiswahili alivyoweza kuvipata vilikuwa vya Kisuni. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alitoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930 na gazeti la al-Islah mwaka 1932, na vitabu vyake vidogo vilisomwa mbali na Mombasa. Tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy ilikamilika na kuchapishwa Nairobi mwaka 1969. Upande wa Mashia hapakuwa na kitu cha kulinganishwa na hivyo kwa miaka mingi, ingawa Mashia wenyewe hawakuwa mbali. Miongoni mwa Wahindi waliofungua maduka katika miji ya bara walikuwamo Makhoja Ithnaashari, Maismaili na Mabohora, ambao wote ni wa matawi ya Ushia. Mteja wa Kiafrika alijua bei ya sukari kwa Kiswahili. Itikadi ya mwenye duka hakuijua kwa lugha yoyote.

Ukuta huu wa lugha si mpya katika historia ya Ushia, na yafaa kuukumbuka mfano wake mkubwa kabla ya kurudi Mombasa. Shah Ismail alipoinyakua Tabriz mwaka 1501 na kuufanya Ushia wa Maimamu Kumi na Wawili kuwa dini ya dola ya Wasafawi, watu wengi wa Uajemi walikuwa Masuni, na vitabu vya sheria za Kishia vilikuwa vya Kiarabu. Wanazuoni waliitwa kutoka nchi za Kiarabu, hususan Jabal Amil katika Lebanoni ya leo. Mmoja wao, Bahauddin al-Amili (1547–1621), aliyezaliwa Baalbek na kuletwa Uajemi angali mtoto, aliandika kwa ajili ya Shah Abbas kitabu cha fikihi kiitwacho Jami Abbasi, na akakiandika kwa Kiajemi. Mtu huyo alikuwa bingwa wa Kiarabu, wa hesabu na wa elimu ya nyota. Hakukosa Kiarabu cha kuandikia. Alitambua kwamba sheria isiyofahamika haitekelezwi.

Aliyeifikisha kazi hiyo upeoni ni Muhammad Baqir Majlisi wa Isfahan (1627–1699). Kwa wanazuoni Majlisi ni mkusanyaji wa Bihar al-Anwar, bahari ya hadithi za Kishia katika Kiarabu, ambayo chapa ya siku hizi ina majuzuu 110. Kwa watu wa kawaida wa Uajemi alikuwa mtu mwingine kabisa: mwandishi wa Haqq al-Yaqin juu ya itikadi, Hayat al-Qulub juu ya Mitume na Maimamu, Hilyat al-Muttaqin juu ya adabu za maisha ya kila siku, vyote kwa Kiajemi chepesi. Yasemwa mara nyingi kwamba Uajemi ulifanywa wa Kishia kwa upanga wa Shah Ismail. Upanga ulifanya sehemu yake, lakini itikadi ya watu nyumbani mwao, dua wanazosoma na namna wanavyowataja Maimamu, zilitokana kwa kiasi kikubwa na vitabu vya lugha yao wenyewe.

Hata hivyo haitakuwa haki kumchora Majlisi kama mtetezi wa wanyonge kwa sababu tu aliandika lugha ya wanyonge. Mwaka 1687 Shah Sulayman alimteua kuwa Sheikh al-Islam wa Isfahan, na cheo hicho alikitumia kwa ukali dhidi ya Masufi na dhidi ya kila alichokiona kuwa ni upotofu. Kiajemi chake kilifundisha, hakikualika majibu. Nyuma ya kila ukurasa palikuwa na dola. Lugha ya umma yaweza kutumiwa kumfungulia mtu mlango, na yaweza kutumiwa kumpa amri karibu zaidi na sikio. Tofauti hii ndiyo inayomfanya Sheikh Abdillahi awe wa kuangaliwa, kwani yeye alifanya kazi ya namna ya Majlisi katika mji ambao madhehebu yake yalikuwa ya wachache, bila ya cheo na bila ya serikali.

Kabla ya kumfikia, neno fupi juu ya waliomtangulia. Jamaa ya Makhoja Ithnaashari ilijitenga na Maismaili katika nusu ya pili ya karne ya 19, baada ya mabishano marefu ya Bombay na Zanzibar juu ya mamlaka ya Aga Khan. Wanazuoni waliletwa Zanzibar kutoka Iran na Iraki kuwafundisha, na wa kwanza wao mashuhuri ni Sayyid Abdul Husain Mar'ashi wa Shushtar. Misikiti ilijengwa, maimambara yakajengwa, maombolezo ya Muharram yakawa yakifanyika kila mwaka mbele ya macho ya wenyeji. Lakini mafundisho yenyewe yalitolewa zaidi kwa Kigujarati, Kikachi na Kiurdu. Ilikuwa dini ya jamaa, kama ilivyokuwa mirathi yake na makaburi yake, na wengi wa jamaa hawakuona haja ya kuitoa nje.

La ajabu ni kwamba kisa cha Karbala kilikwisha kuwamo katika Kiswahili bila ya msaada wao. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga, ambaye alikuwa Msuni, ametunga utenzi mrefu juu ya Seyyidna Huseni bin Ali, uliohaririwa na J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka 1965. Mapenzi kwa watu wa nyumba ya Mtume ni ya asili katika Uislamu wa pwani, na heshima ya masharifu wa Kihadhrami iliyazidisha. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili alikuwa amemlilia Huseni kabla ya kuambiwa kwamba kuna madhehebu yenye kujenga sheria na itikadi juu ya nyumba ile. Kilichokosekana ni hoja, majonzi yalikuwako.

Wa kwanza kuuvunja ukuta kwa makusudi alikuwa mgeni. Sayyid Saeed Akhtar Rizvi, aliyezaliwa 1927 katika jimbo la Bihar, India, aliletwa Tanganyika mwaka 1959 kuwa alimu wa jamaa ya Makhoja wa Lindi. Alijifunza Kiswahili, akaona kwamba kuwahubiria Makhoja peke yao katika nchi ya Waafrika ni jambo lisilo na udhuru, na juhudi zake zikazaa Bilal Muslim Mission ya Tanzania katika miaka ya 1960, kisha ya Kenya mwaka 1971. Jina la Bilal, mwadhini wa Mtume mwenye asili ya Uhabeshi, lilichaguliwa kwa kujua maana yake. Sayyid Rizvi aliandika na kuandikisha vitabu vingi, na alifariki Dar es Salaam mwaka 2002. Hata hivyo vitabu vya mwanzo vya jumuiya hiyo vilikuwa kwa sehemu kubwa tafsiri, na tafsiri hubeba maswali ya kule ilikotoka. Mwislamu wa Machakos au wa Pangani hakuwa akiuliza maswali ya Lucknow.

Sheikh Abdillahi Nassir aliingia kwa mlango mwingine. Alikuwa mtu wa Mombasa wa ndani, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa Sheikh al-Amin. Silsila hii ni muhimu. Sheikh al-Amin alikuwa amewafundisha Waislamu wa pwani kwamba Kiswahili cha nathari chaweza kuchukua hoja ya dini, na kwamba kulifuata jambo kwa sababu tu wazee walilifanya si dalili. Sheikh Muhammad Kasim, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1963 hadi 1968, aliendeleza mwendo huo kwa vitabu na baadaye kwa gazeti la Sauti ya Haki. Kijana aliyelelewa katika darasa hizo alijifunza mapema kutaka ushahidi, na mtu akisha jifunza kutaka ushahidi hakuna ajuaye atamtakia nani.

Alisomea ualimu katika chuo cha Beit el-Ras, Zanzibar, kisha akavutwa na siasa. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni alikuwa miongoni mwa viongozi wa Coast People's Party, chama kilichotaka ukanda wa pwani, uliokuwa kisheria chini ya Sultani wa Zanzibar, usimezwe tu na Kenya mpya. Alikuwa katika ujumbe uliokwenda London kwa mazungumzo ya Lancaster House mwaka 1962. Shauri lao lilishindwa: mwezi wa Oktoba 1963 Zanzibar na Kenya zilikubaliana juu ya kuunganishwa kwa ukanda huo na Kenya, na Desemba uhuru ukaja. Wengine katika siasa za Mwambao walihama, wengine walinyamaza. Abdillahi Nassir alikwenda Nairobi kuhariri vitabu.

Kazi yake katika Oxford University Press, tawi la Nairobi, huwa inatajwa kwa sentensi moja na waandishi wa habari za dini, na hilo ni kosa. Miaka hiyo tawi lile lilitoa maandishi ambayo bila yao fasihi ya Kiswahili ya Kenya isingekuwa kama ilivyo: Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin (1971), Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa (1971) na Sauti ya Dhiki (1973) za Abdilatif Abdalla, na Historia ya Kiswahili ya Chiraghdin na Mnyampala (1977). Ahmad Nassir na Abdilatif ni ndugu zake. Abdilatif alikuwa amefungwa miaka mitatu tangu 1969 kwa waraka wake wa Kenya: Twendapi?, na tungo za Sauti ya Dhiki zilizaliwa gerezani. Katika nyumba moja, basi, neno la Kiswahili lilikwisha kugharimu kifungo. Baadaye Sheikh Abdillahi alianzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Shungwaya, kwa jina la asili ile ya kale ambayo makabila mengi ya pwani hujinasibisha nayo.

Mhariri wa vitabu vya shule hujifunza jambo ambalo shehe wa msikitini halazimiki kulijifunza: kumwazia msomaji asiyemwona. Mtoto wa Machakos ambaye mamaye amemsemesha Kikamba na ambaye Kiswahili chake ni cha darasani hawezi kuachiwa sentensi inayotegemea mkono na macho ya msemaji. Mwendo huo waonekana katika vitabu vya dini ambavyo Sheikh Abdillahi aliviandika baadaye. Mihadhara yake ilikuwa ya Kimvita, yenye mzaha, methali na kukatiza maneno. Maandishi yake yameelekea zaidi Kiswahili sanifu, sentensi zikifuatana kama hatua za hesabu. Mtu yule yule alikuwa na ndimi mbili za Kiswahili, na alijua kila mmoja una kazi yake.

Mapinduzi ya Iran ya 1979 ndiyo yaliyoleta mgogoro hadharani. Vijana wengi wa Kiislamu wa pwani, Masuni, walifurahishwa na kuanguka kwa Shah. Mara vikamiminika vitabu na wahubiri, wengi wakiungwa mkono na fedha za Saudia, wa kuwaonya kwamba Mashia si Waislamu, kwamba wana Kurani yao nyingine, kwamba dini yao ni kuficha. Katika miaka ya 1980 Sheikh Abdillahi alijitokeza kujibu, na katika kujibu akajulikana kuwa yeye mwenyewe ni Shia. Kwa mtu wa ukoo wake na mwalimu wa mji wake haikuwa hatua nyepesi. Alikuwa akihojiana na waliosoma naye na waliosomeshwa na walimu wake.

Vitabu vilivyotokana na mabishano hayo ni vidogo kwa umbo. Shia na Qur'ani chashughulika na tuhuma ile kubwa, ya kwamba Mashia wana msahafu mwingine. Yazid Hakuwa Amirul-Muuminin kinakataa jaribio la kumsafisha Yazid bin Muawiya, ambaye katika utawala wake Imamu Huseni aliuawa Karbala mwaka 680. Maulidi: Si Bid'a, Si Haramu kinatetea desturi ambayo Masuni wengi wa pwani wanaipenda kama maisha yao, na ambayo ilikuwa ikishambuliwa na wahubiri wale wale waliowashambulia Mashia. Kitabu hiki cha mwisho chastahili kuangaliwa kwa makini. Ndani yake Shia anawatetea Masuni wa Lamu na Mombasa dhidi ya Masuni wengine, na mpaka uliochorwa kati ya madhehebu unaanza kufutika.

Utaratibu wake ni wa jibu, yaani fani ambayo Waswahili wanaijua tangu mashairi ya kujibizana ya zama za Muyaka. Hutajwa kwanza neno la mpinzani, hutajwa lilikotoka, kisha hujibiwa. Lakini silaha hazitoki katika ghala ya Kishia. Dalili hutolewa katika vitabu ambavyo mpinzani anavikubali: Bukhari, Muslim, tafsiri za Masuni, tarikh ya Tabari. Mwandishi hamwombi msomaji aamini kwanza ndipo afahamu. Anamwambia, kwa maana kama si kwa lafudhi, afungue kitabu kilichomo rafuni mwake mwenyewe atazame. Hapo ndipo anapoachana na njia ya Majlisi ya kufundisha kutoka juu. Mwenye kitabu cha Bukhari mkononi ana uwezo wa kurudi siku ya pili akasema: umenukuu nusu. Na wapinzani walirudi, wakaandika majibu ya majibu, na Kiswahili kikafaidika kwa pande zote mbili.

Sasa pana fundo moja katika fikra zake ambalo halina budi kuguswa. Silsila ya Sheikh al-Amin ilipinga taqlidi, yaani kumfuata mwanazuoni bila ya kujua dalili yake. Lakini Ushia ulioenea leo ni wa Mausuli, walioshinda katika mabishano makubwa ya karne za 17 na 18. Upande mmoja walisimama Maakhbari, ambao baada ya Muhammad Amin Astarabadi walitaka kushikamana na hadithi za Maimamu tu. Upande wa pili Mausuli, ambao chini ya Wahid Bihbahani (aliyefariki mwishoni mwa karne ya 18) waliipa akili ya mwanazuoni nafasi katika kutafuta hukumu. Majlisi mwenyewe alikuwa mtu wa hadithi zaidi, ingawa hakuwa na ukali wa Maakhbari. Ushindi wa Mausuli ulileta kanuni ya kwamba asiyekuwa mujtahidi humfuata mujtahidi aliye hai katika mambo ya sheria. Yaonekana, basi, kwamba mpinga taqlidi wa Mombasa aliikimbia taqlidi ya Mashafii akaangukia taqlidi nyingine iliyo kali zaidi.

Lawama hiyo ni ya juu juu. Mausuli hao hao wameshikilia kwamba katika misingi ya dini, yaani umoja wa Mungu, uadilifu Wake, utume, uimamu na ufufuo, taqlidi haifai: kila mtu yampasa ajue kwa dalili, hata kama ni dalili ya mkulima. Na katika vyanzo vya sheria wao huihesabu akili kuwa ya nne baada ya Kurani, Sunna na ijmai, pale ambapo Mashafii huweka kiasi. Haistaajabishi kwamba mtu aliyefundishwa na akina Mazrui kwamba dini haiogopi swali aliona hapo nyumbani. Kwa upande huu Ushia wake ulikuwa matokeo ya malezi yake ya Kisuni zaidi ya kuwa uasi dhidi yake. Wapinzani wake hawangelipenda kuambiwa hivyo, na pengine baadhi ya wapenzi wake wa Kishia vilevile.

Lakini fundo halifunguki lote. Uimamu wenyewe, ambao ndio kiini cha mafarakano, unategemea nususi na tarikh, na tarikh haithibitiki kwa akili tupu. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya nguvu zake ilikwenda katika kuchambua habari: nani alisimulia, nani alinyamaza, nani alipata faida kwa kusimulia. Ukimsoma kwa mfululizo, Sheikh Abdillahi ni mwanahistoria wa hadithi zaidi ya kuwa mwanafalsafa, na pale anapojaribu kuifanya akili iamue jambo ambalo ni la ushahidi wa wapokezi, hoja yake hulegea. Anapokuwa na maandiko mbele yake ni vigumu kumshinda.

Mihadhara yake ya Ramadhani ilikuwa na wasikilizaji wa madhehebu zote mbili. Mchunguzi Kai Kresse, aliyekaa Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1990, ameieleza kwa kirefu katika kitabu chake juu ya fikra za kifalsafa za Mombasa kilichotoka mwaka 2007, akimweka Sheikh Abdillahi pamoja na ndugu yake Ahmad Nassir miongoni mwa wanafikra ambao jamii yenyewe huwatambua kuwa hivyo. Mihadhara hiyo ilirekodiwa kwa kanda, na kanda husafiri kwa njia ambazo kitabu hakizijui: katika magari ya abiria na katika vibanda vya sokoni. Kimvita kilichosemwa Mombasa usiku wa Ramadhani chaweza kusikilizwa na Mkamba Mwislamu ambaye hajapata kuiona bahari, naye akayaelewa mengi, asiyaelewe mengine, akauliza.

Maneno ambayo msikilizaji huyo angeyauliza ndiyo yanayowahusu wanaleksikografia. Usomi wa Kishia ulipoingia Kiswahili ulikuja na istilahi zake: marjaa, khumsi, maasumu, ahlul-bayti, wilaya kwa maana ya uongozi wa Maimamu wala si eneo la utawala. Neno hili la mwisho ni taabu kubwa. Kwa Mkenya wa kawaida wilaya ilikuwa ni ya mkuu wa wilaya, na Machakos yenyewe ilikuwa wilaya tangu enzi za ukoloni. Mwandishi mwenye haraka angeliandika neno akaenda zake. Aliyezoea kuhariri vitabu vya shule husimama, akalifafanua, kisha akaendelea. Kanda za mihadhara zina mifano mingi zaidi ya ufafanuzi kama huo kuliko vitabu, kwa kuwa msemaji alikuwa akiziona nyuso za wasioelewa. Kanda huharibika kwa joto na vumbi, na nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zimo bado majumbani mwa watu, hazijaandikwa.